Tiba ya Kupasua kwa Maradhi ya Kutetemeka

Katika majumba yetu yupo mzee ambaye mkono wake hutetemeka hata kahawa ikamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Wengine husema ni uzee tu, na wengine husema ni jini. Tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza wasomaji wetu waliyoyagundua matabibu, kwani huenda mgonjwa anayo tiba na jamaa zake hawana habari.

Maradhi haya yalielezwa na tabibu wa Kiingereza, James Parkinson, mwaka 1817, na hata leo huitwa kwa jina lake. Sababu yake ni kufa kwa chembe za ubongo zinazotoa dopamini, ambayo kwayo ubongo huviongoza viungo. Kwanza mgonjwa hupewa vidonge vya levodopa, navyo humfaa sana. Lakini miaka ikipita, nguvu ya kila kidonge huisha upesi, au viungo hujipinda bila ya hiari yake.

Hapo ndipo baadhi ya wagonjwa hufaa kupasuliwa. Zamani wapasuaji waliunguza sehemu ndogo ya ubongo, na kisichorudi hakirudi. Mwaka 1987, katika mji wa Grenoble, Ufaransa, Profesa Alim-Louis Benabid aliona kuwa umeme wa mapigo ya haraka, kiasi cha 100 kwa sekunde, huutuliza mkono bila ya kuunguza kitu. Basi siku hizi nyuzi nyembamba hupitishwa katika fuvu hadi ndani ya ubongo, na mashine yenye betri huwekwa chini ya ngozi ya kifua. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Ngozi ya kichwa ndiyo hutiwa ganzi.

Kadhalika, tangu mwaka 1967, nyuzi kama hizo zimewekwa penye uti wa mgongo kupunguza maumivu ya siku nyingi.

Lakini tusidanganyane. Tiba hii hupunguza dalili, haiyaondoi maradhi. Na ina hatari ya damu kuvuja ubongoni na ya kuingia vijidudu. Aliyekwisha potewa na akili kwa maradhi haya kwa kawaida hapasuliwi.

Basi, enyi vijana, msimfiche mzee chumbani kwa aibu. Mpelekeni kwa tabibu wa mishipa ya fahamu, muulize faida na hatari, na mzee mwenyewe ashauriwe. Kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu.