Fedha Februari, Dhahabu Machi

Februari 1980, katika mji mdogo wa Lake Placid, jimbo la New York, wadansi sita wa barafuni walipanda jukwaani kuvishwa medali za Olimpiki. Dhahabu walipewa Natalia Linichuk na Gennadi Karponosov wa Umoja wa Kisovieti. Fedha ikaenda kwa Krisztina Regőczy na András Sallay wa Hungaria, na shaba kwa Wasovieti wengine, Irina Moiseeva na Andrei Minenkov.

Mwezi haukutimia. Machi, katika mashindano ya dunia mjini Dortmund, Ujerumani Magharibi, jukwaa likapandwa na watu wale wale sita. Safari hii Wahungaria ndio waliosimama juu.

Kwa mchezo wa mbio, jambo hilo lisingehitaji maelezo: leo umenipita, kesho nimekupita, na saa ndiyo shahidi. Lakini dansi ya barafuni haina saa wala utepe wa kukata.

Watazamaji wengi huichanganya na ndugu yake, mchezo wa jozi. Huko mwanamume humnyanyua mwenzake juu ya kichwa, humrusha hewani, na wote wawili huruka na kuzunguka mara kadhaa kabla ya kutua. Wadansi wamekatazwa vishindo hivyo. Wao hupimwa kwa miguu: wanavyokaribiana bila kugongana, wanavyofuata mdundo, na wanavyoegemea makali ya viatu. Chuma kilicho chini ya kiatu kina mfereji mwembamba katikati, unaoacha makali mawili, ya ndani na ya nje. Mdansi hodari huhama kutoka ukali mmoja kwenda mwingine bila kupoteza mwendo. Na kwa kuwa wawili hao hukaa karibu mno, chuma cha kiatu cha dansi hukatwa kifupi upande wa kisigino, wasije wakakanyagana.

Enzi za Regőczy na Sallay, shindano lilianza na dansi za lazima, ambazo kila jozi ilicheza kwa hatua zile zile. Dansi huru ilikuja mwisho, kila jozi na muziki wake. Majaji walitoa alama zisizozidi 6.0, lakini kilichoamua mshindi ni nafasi: kila jaji aliwapanga wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha nafasi hizo zikalinganishwa. Jozi mbili zikikaribiana kiwango, jaji mmoja au wawili tu wakipanga tofauti, dhahabu ilihamia shingo nyingine.

Wahungaria hao hawakuibuka ghafla. Walizaliwa na kukulia Budapest, mji ambao watu wake wamekuwa wakiteleza kwenye uwanja wa wazi wa bustani ya Városliget tangu 1870. Dansi ilipoingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Innsbruck mwaka 1976, walimaliza wa tano. Mwaka 1978 wakapata shaba ya dunia, na 1979 fedha. Walikuwa wakipanda ngazi moja moja, na juu yao kulikuwa na ukuta: tangu 1970 hadi 1979, kila taji la dunia la dansi lilichukuliwa na Wasovieti. Dortmund ndiko ukuta huo ulikobomoka.

Nyuma yao alikuwapo kocha Mwingereza, Betty Callaway. Mwaka 1978 alianza kuwafundisha pia vijana wawili kutoka Nottingham: Jayne Torvill, karani wa kampuni ya bima, na Christopher Dean, polisi. Huko Lake Placid Waingereza hao walikuwa wa tano, nafasi ile ile waliyoanzia Wahungaria miaka minne kabla. Regőczy na Sallay walipostaafu mashindano baada ya Dortmund, taji la dunia la 1981 likabaki kwa wanafunzi wa Callaway: Torvill na Dean walilitwaa, na mwaka 1984 wakashinda dhahabu ya Olimpiki mjini Sarajevo.

Hungaria yenyewe ilisubiri sana. Hadi mwaka 1980 ilikuwa imepata medali sita katika Olimpiki za majira ya baridi, na zote sita zilitoka kwenye mchezo wa kuteleza kwa madaha: tano kwa jozi, moja kwa dansi. Baada ya ile fedha ya Lake Placid, ikapita miaka 38 bila hata shaba. Medali ya saba ilipatikana Pyeongchang, Korea Kusini, Februari 2018, wanaume wanne wa Hungaria waliposhinda mbio za kupokezana za mita 5,000 kwenye barafu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya nchi hiyo katika michezo ya baridi, na safari hii aliyemaliza wa kwanza ndiye aliyeshinda.