Poka Mezani: Uamuzi na Nidhamu ya Mchezaji

Mwanafunzi wa Machakos anaposema kwamba anacheza poka, aghalabu hamaanishi mchezo wa kasino za Nairobi, ulio umbali wa kilomita 60 hivi kutoka hapo. Anamaanisha mchezo wa mabwenini ambao wengine huuita kadi tu. Kila mchezaji hupewa karata chache, kisha hushindana na wenzake kuzimaliza kwa kufuata namba au aina, iwe kopa, uru, shupaza au pau. Karata ya 2 humlazimisha anayefuata kuokota mbili, na ya 3 humwokotesha tatu. Ree, yaani karata yenye herufi A, huzima adhabu hiyo au hutumiwa kuagiza aina itakiwayo. Anayekaribia kumaliza sharti atangaze, "Niko kadi!" Michezo hii miwili imeshiriki jina tu, lakini ule wa bwenini ni shule nzuri ya ule wa kasino, kwani yote humtaka mtu aamue ilhali hajui wenzake wameshika nini.

Chukua mfano wa ree. Mchezaji mchanga huitupa mara tu anapobanwa, hata kama adhabu ni ya karata mbili tu. Mwingine huing'ang'ania hadi akabaki nayo mwishoni, na kanuni za vikundi vingi hazimruhusu mtu kumaliza kwa karata yenye nguvu. Kosa la wote wawili ni kuamua bila kuhesabu. Aliyezitazama karata zilizokwisha kutupwa anajua ni 2 ngapi zingali mikononi mwa watu au katika rundo. Fauka ya hayo, kanuni hutofautiana baina ya kikundi na kikundi, hivyo uamuzi wa kwanza wa busara ni kukubaliana kabla karata hazijagawanywa.

Katika poka ya kasino, hususan aina iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na karata tano hufunuliwa mezani ziwe za wote. Baina ya kufunua huku, watu huweka dau awamu kwa awamu. Ichukuliwe kwamba mchezaji ana kopa mbili, na mezani zimefunuliwa karata nne, mbili zikiwa kopa. Akipata kopa ya tano, anatarajia kushinda. Karata asizoziona ni 46, na kopa zilizomo ni 9. Mpinzani ameweka dau. Fedha zilizo mezani ni shilingi 600, naye anatakiwa kulipa 200 ili aione karata ya mwisho. Je, alipe? Katika hali 46 za namna hiyo, atashinda mara 9 na kupata shilingi 5,400. Atashindwa mara 37 na kupoteza 7,400. Iwapo hatarajii kupata dau jingine baadaye, ni heri atupe karata zake.

Yamkini atalipa, kopa ije, na wenzake wampongeze. Hapo ndipo penye mtihani mkubwa, kwa kuwa bahati ya mara moja humfundisha mtu kurudia uamuzi utakaomfilisi polepole.

Nidhamu ni jambo gumu kuliko hesabu. Meza ya ana kwa ana huenda taratibu, takriban raundi 30 kwa saa, na mchezaji makini hutupa karata zake katika nyingi kati ya hizo. Uchovu wa kungoja humshawishi mtu kucheza karata dhaifu. Akishindwa, hupandwa na mori. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na ingawa methali hii hutumiwa sana kumliwaza aliyeshindwa, mezani ina makali zaidi: asiyekubali huongeza dau ili arejeshe kilichopotea, na hapo huwa ameacha kucheza. Dawa ni kuweka kikomo cha fedha na saa kabla ya kuketi, wakati akili ingali imetulia. Fedha za HELB zisiingie katika hesabu hiyo kamwe. Mkopo huo ni wa masomo, nao hulipwa pamoja na riba.

Kasino nayo hukata sehemu ya fedha za mezani, au hutoza ada ya kuketi. Kwa hiyo wachezaji waliolingana kwa ujuzi wote hupoteza kadiri muda unavyopita. Jambo hili husahauliwa mno na vijana wanaoiona poka kama ajira.

Wanaotaka kujiimarisha huweka daftari. Huandika tarehe, karata walizoshika, dau waliloombwa na sababu ya uamuzi wao, hata pale waliposhinda. Safu ya faida na hasara huja mwisho, kwani matokeo ya mwezi mmoja husema machache kuhusu ujuzi wa mtu. Inayosomwa upya, pengine pamoja na mwenzake asiyeogopa kukosoa, ni safu ya sababu.