Kifaru cha T-72B3: Kilichobadilishwa na Kilichoachwa

Kifaru cha T-72 kiliingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1973, kikiwa kimebuniwa kwa vita vikubwa ambavyo vingehitaji vifaru vidogo, vya bei nafuu, vinavyoweza kuundwa kwa maelfu. Toleo la T-72B3, ambalo kiwanda cha Uralvagonzavod cha Nizhny Tagil kilianza kulitoa katika mwongo wa 2010 kwa kukarabati vifaru vya miaka ya 1980, limetiwa vifaa vipya ndani ya umbo hilohilo.

Umbo hilo lilitokana na kumwondoa mwanajeshi wa nne, yule ambaye katika kifaru cha Abrams cha Marekani hutia makombora mzingani kwa mikono, na nafasi yake ikachukuliwa na mtambo wa duara, uliolazwa sakafuni chini ya kamanda na mpiga mzinga, unaobeba makombora 22 pamoja na baruti zake. Kwa hiyo T-72B3 ina kimo cha mita 2.2 hivi na uzito wa takriban tani 46, ilhali Abrams hupita tani 60, na ufupi huo huifanya iwe shabaha ngumu. Lakini hakuna ukuta unaowatenga wanajeshi na baruti: kombora la adui likipenya, baruti yote huweza kulipuka kwa pamoja na kulirusha juu kuba, yaani sehemu inayozunguka na kubeba mzinga. Hayo yalionekana Iraq mwaka 1991 na yameonekana tena Ukraine tangu 2022, na ukarabati haukuyagusa, kwa sababu kuyarekebisha ni kuunda kifaru kingine.

Faida kubwa ya ukarabati ni kuona. Darubini ya Sosna-U, iliyotengenezwa Belarus na kufungwa kamera ya joto ya kampuni ya Thales ya Ufaransa, humwezesha mpiga mzinga kulenga usiku, na mzinga wa milimita 125 hurusha pia kombora la kuongozwa linalofika kilomita 5. Kamanda, kwa bahati mbaya, ameachiwa kifaa cha kizamani, ingawa yeye ndiye anayepaswa kumwona adui kwanza. Mbele yamepachikwa matofali ya Kontakt-5, ambayo hulipuka yanapopigwa ili kuivuruga silaha inayopenya. Juu, hata hivyo, deraya ni nyembamba, na huko ndiko droni hushambulia.

Toleo la 2016 lilipewa injini ya nguvu za farasi 1,130, lakini mwendo wa kurudi nyuma ulibaki takriban kilomita 4 kwa saa, kiasi kwamba kifaru kilichoshtukizwa hulazimika kukimbia kwa kugeuka, na hapo humwonyesha adui upande wake wa nyuma, wenye deraya hafifu kuliko ya mbele.