Moyo Waumwa, Mbona Wapasua Mguu?

Habari ikifika kijijini kwamba Baba Fulani apelekwa Dar es Salaam kupasuliwa moyo, watu husikitika na kusali. Lakini ikisemwa kwamba atakatwa na mguu pia, hapo maneno huanza. Mmoja asema madaktari wamekosea ugonjwa. Mwingine asema Baba Fulani atarudi kwa magongo. Wengine wanong'ona habari za mumiani. Mgonjwa mwenyewe, akiyasikia hayo, aweza kukataa safari, na moyo hausubiri. Kwa hiyo yafaa tulieleze jambo hili wazi.

Moyo hupeleka damu mwilini, lakini nao una haja ya damu yake, iletwayo na mishipa myembamba iliyouzunguka. Mafuta huganda ndani ya mishipa hiyo mwaka hata mwaka, hasa kwa wavuta sigara, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu. Mtu akipanda kilima kidogo, kifua chabana. Njia ikiziba kabisa, sehemu ya moyo hufa. Wengine hutibiwa kwa vidonge, wengine huzibuliwa kwa waya mwembamba upitao ndani ya mshipa. Wasiofaa kwa hayo hupasuliwa. Wakulima wa mpunga wa Magugu watanielewa upesi: mfereji ukijaa tope lisilozibuka, huchimbwa mwingine kando, ukaanza juu ya tope na kuishia chini yake. Mfereji wa daktari ni mshipa, nao hutoka katika mwili wa mgonjwa yule yule. (Nisemapo mshipa, sisemi ngiri!)

Mmoja huchukuliwa kifuani, na huo ndio udumuo sana. Lakini mara nyingi njia zilizoziba ni tatu au nne, ndipo mguu huombwa msaada. Upo mshipa mrefu upande wa ndani wa mguu, chini ya ngozi tu, toka kifundo hata kinena. Ukiondolewa, mguu haufi, maana mishipa mikubwa iliyo ndani zaidi huendelea na kazi. Una vilango vipitishavyo damu upande mmoja tu. Kwa hiyo daktari huugeuza kichwa chini kabla ya kuushona moyoni.

Aliyeieneza njia hii ni daktari René Favaloro wa Argentina, aliyeanza kuitumia mwaka 1967 huko Cleveland, Marekani. Kabla ya hapo alikuwa daktari wa kijijini kwa miaka 12 hivi, na hilo lanipendeza. Kwetu, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na sasa kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hapo hapo.

Sasa, mshipa huvunwaje? Njia ya zamani ni mpasuo mmoja mrefu. Daktari auona mshipa wote, afunga matawi yake kwa uzi, autoa taratibu. Ubaya ni kidonda. Kwa mtu mnene au mwenye kisukari huchelewa kupona na huweza kuingia usaha. Wapo wanaosumbuliwa na mguu kuliko kifua.

Njia mpya, ya miaka ya 1990, ni tundu dogo karibu na goti. Hupenyezwa bomba jembamba lenye taa na kamera, daktari akitazama katika televisheni. Mgonjwa huamka na alama mbili tatu tu. Je, si bora? Hapo madaktari walibishana. Mwaka 2009 uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba, katika kila wagonjwa 100 wa tundu, karibu 47 walikutwa na mshipa ulioziba au kukaribia kuziba. Wa mpasuo mrefu walikuwa 38. Lakini mwaka 2019 uchunguzi mwingine, wa wagonjwa 1,150 waliohudumiwa na mafundi waliozoea, haukuona hatari kuzidi kwa moyo, na vidonda vyenye usaha vilipungua toka 3.1 hata 1.4 katika 100. Mimi naona basi kwamba kifaa si kitu bila mkono uliozoea.

Kule Örebro, Sweden, daktari Domingos Souza alifundisha kuutoa mshipa pamoja na mafuta yake, bila kuushika. Baada ya miaka 16, mishipa 83 katika 100 ilikuwa wazi, na ya kawaida 64. Ila mguu huumia zaidi, na uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2024 haukuthibitisha faida hiyo katika miaka miwili ya kwanza.

Wapo waulizao kama si dhambi kukitoa kiungo kizima. Papa Pio XII alieleza mwaka 1952, akisema na madaktari, kwamba kiungo kipo kwa ajili ya mwili wote, na chaweza kutolewa ili mwili uokoke.

Basi mwenye mgonjwa asione haya kumwuliza daktari: mshipa mtautoa wapi, na kwa njia gani? Aseme kama mgonjwa ana kisukari, au kama aliwahi kupasuliwa mishipa ya mguu iliyovimba, maana huenda hakuna wa kuvuna. Akirudi nyumbani, mguu utavimba majuma kadhaa. Auinue akikaa, atembee kidogo kila siku, asipake majani ya porini. Jembe lingoje miezi mitatu hivi, mfupa wa kifua uunge. Kidonda kikiwa chekundu na cha moto, au kikitoa usaha, asingoje tarehe ya kurudi Dar es Salaam. Aende siku hiyo hiyo Dareda, au hospitali yoyote iliyo karibu, na karatasi zake zote mkononi.