Kovu la utotoni katika mapenzi ya mama

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii yatufaa tunapomhukumu Sethe, mama anayesimuliwa na Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, katika riwaya yake Beloved iliyochapishwa mwaka 1987.

Kisa chenyewe kinatisha. Sethe ametoroka utumwani Kentucky na kuvuka mto hadi Cincinnati, jimboni Ohio. Baada ya siku 28 tu za uhuru, msimamizi wa shamba alikotoroka anawasili kumrudisha pamoja na wanawe. Mama huyo anawakimbiza watoto bandani na kumkata koo bintiye mdogo kwa msumeno, waliosalia wananusurika. Morrison alichochewa na tukio la kweli la Margaret Garner, mtumwa aliyemuua bintiye mwaka 1856 alipokuwa karibu kukamatwa.

Aghalabu msomaji hufikia hapo akasema, "Huyu si mama." Mimi humwomba arudi nyuma, ausome utoto wake. Sethe alinyonyeshwa na mamake kwa majuma machache tu, kisha mamake akarudi shambani. Akaachiwa mwanamke mwingine, Nan, ambaye sharti awanyonyeshe kwanza watoto wa Wazungu. Yeye akapata masazo, au akakosa kabisa. Mamake alimwonyesha alama ya chuma cha moto chini ya titi ili apate kumtambua. Halafu mama huyo akanyongwa.

Tazama basi anavyopenda akiwa mzazi. Anatoroka akiwa mja mzito, na linalomsukuma ni maziwa, ili ayafikishe kwa mwanawe aliyetangulia. Kile alichonyimwa ndicho anachotaka kutoa. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkinga yeye utotoni, hakujifunza kinga yenye kipimo.

Simtetei kwa aliyoyatenda. Jeraha la zamani laeleza kosa, halilifuti. Mtoto aliyekufa hakuulizwa. Hata Denver, binti aliyesalia, anakua bila rafiki, haachi ua wa nyumba yao, akimpenda mamake na kumwogopa papo hapo. Mama alitaka kumkinga mwana na hofu, kumbe amemrithisha.

Lakini riwaya haikomei hapo. Siku chakula kinapokwisha nyumbani, Denver anajikaza, anatoka kuomba kazi. Wanawake wa mtaa ule, waliokuwa wamewatenga kwa miaka mingi, wanaanza kuwaletea vyakula, na hatimaye wanakusanyika mbele ya nyumba kumwokoa Sethe na mzigo wake.

Hapo ndipo ninapoliona funzo. Husemwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nasi hujificha nyuma ya maneno hayo tukamwacha mzazi na uchungu wake peke yake. Umwonapo jirani anayemfungia mwanawe mlango, usiulize tu ana kichaa gani. Uliza alitendwa nini alipokuwa mtoto, kisha ukapige hodi.