Hatari Iko Kwenye Kachumbari

Msimu wa Krismasi, vyumba vya Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, hupokea wageni wengi kuliko viti. Kuku wa kienyeji huchelewa kuiva, mbuzi wa kuchangiwa huchelewa zaidi, na mgeni hakalishwi na njaa. Kwa hiyo hutangulizwa vitafunio: viazi karai, bhajia, sambusa, smokie pasua, mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa katikati na kujazwa kachumbari. Vingi hununuliwa vibandani, soko la Toi au kituo cha Kawangware 46, na mtu anayehofia magonjwa hulikagua karai kwanza. Huona mafuta yaliyogeuka rangi, vumbi la barabara, na mtaro ulio hatua chache tu kutoka jikoni, akaanza kusita. Nasema hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake. Katika sahani ile, kilichotoka motoni sasa hivi ndicho salama kuliko vyote, na kile kibichi chenye rangi ya kupendeza ndicho kinachohitaji ulinzi.

Mafuta ya kukaangia hufikia nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi. Kiazi kinapotumbukizwa, maji yaliyo karibu na uso wake huchemka papo hapo na kutoka yakiwa mvuke. Ule mlio na mapovu ni maji yanayokimbia. Mvuke huo huyazuia mafuta yasizame ndani kwa wingi, uso hukauka ukawa ganda, na joto la ndani hukaribia nyuzi 100. Bakteria anayeleta homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, hahimili hata nyuzi 60 zikidumu dakika chache. Tena viazi karai huchemshwa kwanza, vikapakwa unga, ndipo vikakaangwa, kwa hiyo vimepita motoni mara mbili. Vumbi la barabarani lililotua juu ya kiazi kibichi halina nafasi ya kuleta ugonjwa huo baada ya safari hiyo.

Kachumbari haipiti popote. Nyanya ikikatwa, ngozi iliyokuwa ikiilinda hufunguka na majimaji yake huwa chakula cha vijidudu. Kitunguu hukamuliwa kwa chumvi na kusuuzwa ili kipunguze ukali, dania huoshwa juujuu, na kazi yote hutegemea mikono, kisu na maji ya jerikeni. Maji ya mitaa hii mara nyingi hupita katika mipira iliyolazwa mitaroni, na mpira ukitoboka wakati presha imeshuka, uchafu wa nje huvutwa ndani. Kwamba taifodi inazunguka hapa si dhana. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na CDC ya Marekani waliofuatilia wakazi wa Kibera kati ya 2007 na 2009 walikuta visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali Lwak, mashambani magharibi mwa Kenya, vilikuwa 29. Utafiti huo haukuishtaki kachumbari, ila unaonyesha kwamba bakteria yupo mtaani, na chakula kisichopikwa kinamwachia njia wazi. Wala vigae na vitambaa vyeupe si kinga: mwaka 2017 kipindupindu, ugonjwa mwingine wa maji na chakula kichafu, kiliwapata watu waliohudhuria mkutano katika hoteli ya Nairobi.

Mbona basi lawama humwangukia mkaangaji? Nadhani sababu ni kalenda ya ugonjwa wenyewe. Taifodi huchukua wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka kachumbari ya Jumapili ile. Mafuta mazito hulemea tumbo jioni hiyo hiyo, kwa hiyo ndiyo yanayokumbukwa.

Wapo watakaosema kachumbari ina ndimu, na ndimu huua. Kwa kipindupindu wana hoja, kwa maana bakteria wake huchukia asidi. Huko Guinea-Bissau, katika milipuko ya miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba waliokula mchuzi uliotiwa ndimu walikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua. Lakini jamii ya Salmonella, ambayo ndiyo ya bakteria wa taifodi, huivumilia asidi zaidi, na matone machache juu ya bakuli zima hayafiki kila kipande. Wengine watataja mafuta yanayorudiwa, na kemikali ya akrilamaidi ambayo wanasayansi wa Uswidi waliitangaza mwaka 2002 kuwa hutokea vyakula vya wanga vikikaangwa kwa moto mkali. Hizo ni hoja za kweli na mafuta yanayotoa moshi yanapaswa kumwagwa. Hata hivyo madhara yake hujengeka kwa miaka, na hayafanani na homa inayomlaza mtoto mwezi mzima. Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba moto haudumu. Wamarekani hula batamzinga wa sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, na huko milipuko ya ugonjwa wa tumbo uletwao na bakteria Clostridium perfringens huzidi Novemba na Desemba, kwa kuwa mbegu zake hustahimili kupikwa kisha huchipuka katika nyama inayopoa polepole. Sambusa ya nyama iliyokaa mezani zaidi ya saa mbili imeshapoteza ile faida ya karai.

Kwa hiyo ratiba ya mwenyeji ibadilike. Nyanya na vitunguu vioshwe vikiwa vizima, kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini kama WaterGuard, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wameketi, kidogo kidogo, na itakayobaki isingojee kesho. Asiyeyaamini maji yake akaange nyanya na vitunguu hivyo hivyo viwe rojo zito la pilipili. Bhajia huliwa nalo vizuri sana. Mwenye kibanda naye anadaiwa cheti cha afya, na ni haki adaiwe, lakini cheti hicho hupima mwili wake na si jerikeni aliyonunua asubuhi. Maji hayo ni kazi ya kaunti.