Wembe wa Babu wa Watu

"Ejoka," nilimsalimu, nikamkabidhi wembe kwa majivuno. Mama huyu hupasua samaki aina ya mbuta ufuoni mwa Ziwa Turkana, Kalokol, tangu alfajiri, na nilitarajia ausifie mpini: mweupe kama maziwa, laini kama sabuni. Hakuujali. Aliufungua, akaugeuza makali juu, akauelekeza kwenye jua huku amefumba jicho moja.

"Mwanangu, hapa pameliwa."

Karibu na ncha palimeta nukta ndogo kuliko punje ya chumvi. Makali mazima hayameti, kwa kuwa ni membamba mno kurudisha mwanga. Kinachong'aa ni ubutu au pengo. Wembe nilikuwa nao wiki mbili, na nukta hiyo sikuwahi kuiona.

Ni wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, wa kabla ya Mmarekani King Gillette kupata hataza ya kifaa chake mwaka 1904 na kuizoesha dunia wembe wa kutumia na kutupa. Niliununua Nairobi kwa mzee anayeuza saa mbovu na sarafu za enzi za mkoloni. Bei siiandiki, nyumbani wanasoma gazeti hili.

Marafiki wa Lodwar waliniuliza kichaa hiki kimetoka wapi, na nyembe za Nacet zimejaa kila kioski. Lakini Turkana si mahali pa kumshangaa mtu anayependa makali. Wazee wetu walivaa abarait, kisu cha duara kinachokaa kwenye kifundo cha mkono kama bangili, makali yakiwa upande wa nje. Huzungushiwa ala ya ngozi, na mwenyewe huivua anapotaka kukata nyama au, siku mbaya, kupigana. Wembe wa kukunja una akili hiyo hiyo: mpini ndio ala yake. Hata kazi ya mkono haijaisha hapa. Kiwanda cha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilizima muda mfupi baada ya kuanza. Visu vya akina mama havijazima hadi leo.

Basi mtu anayeanza atazame nini kabla ya kutoa pesa? Mimi nilianza na muhuri, uliopigwa kwenye shingo ya chuma, kati ya ubapa na mkia. Majina mawili ndiyo yanayotafutwa zaidi: Sheffield ya Uingereza, ambako Benjamin Huntsman alianza kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu miaka ya 1740, na Solingen ya Ujerumani, mji ambao jina lake limelindwa kwa sheria tangu 1938. Neno "England" au "Germany" likiwepo, mara nyingi wembe ni wa baada ya 1891, pale Marekani ilipoanza kudai bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka. Wangu umeandikwa Sheffield, England. Nilifurahi mno kusoma muhuri hata nikasahau kusoma makali.

Hapo ndipo wengi tunapoliwa. Kutu ya juujuu si neno, hutoka. Kutu iliyochimba vishimo kwenye ukingo wa makali ni hasara, maana kila unaponoa unafungua kishimo kingine. Ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, humaliza mjadala: rudisha wembe, dai pesa yako. Tazama pia ubapa. Ukiwa mpana karibu na mkia na umeliwa katikati, ujue umenolewa vibaya kwa miaka.

Kuhusu mpini, Mkenya ana jambo la ziada la kuangalia. Nyembe nyingi za zamani zilivishwa pembe za ndovu, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 huwezi kununua wala kukaa na kitu kama hicho bila kibali, hata kiwe cha karne mbili zilizopita. Nchi iliyochoma tani 105 za pembe mwezi Aprili 2016 haitakuelewa ukisema ulitaka tu kunyoa ndevu. Pembe halisi, ukiitazama mahali ilipokatwa kukingama, ina mistari inayokatana kama wavu wa samaki. Ya kuiga ina mistari iliyonyooka sambamba, kama daftari la shule.

Wangu ulikuwa daftari. Nilishusha pumzi, kumbe mapema. Mpini huo ni wa seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo, ambayo ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye asidi. Chuma kilichofungiwa humo kinaliwa taratibu. Kutu yangu yote ilikuwa pale ubapa unapolala ndani ya mpini. Kile nilichokipenda zaidi ndicho kilichokuwa kikiula wembe. Niliuvunja mpini huo, nikauweka mbali na jiko, kwa sababu seluloidi hushika moto kama petroli. Mpya nitauchonga kwa pembe la ng'ombe: linapashwa moto, linabanwa liwe bapa, linakatwa. Hilo angalau halihitaji kuagizwa kutoka Nairobi.

Fundi mmoja wa jua kali mjini Lodwar alijitolea kunisafishia chuma kwa grainda. "Dakika mbili tu, boss." Nilimshukuru, nikauficha wembe mfukoni. Chuma cha wembe kikipata moto hadi kugeuka rangi ya buluu, ugumu wake umeondoka, na kunoa hakuurudishi. Mimi nilitumia mafuta ya cherehani, msasa laini wa maji na jioni tatu.

Kunoa kwenyewe ni rahisi kueleza. Unaulaza wembe kabisa juu ya kinoo, mgongo na makali vyote viguse jiwe, kwa sababu unene wa mgongo ndio unaopima pembe ya makali. Unasukuma makali yakitangulia, unageuza, unarudi, bila kukandamiza. Jiwe namba 1000 kwanza, kisha 4000, kisha 8000. Mwisho unaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia. Ukikosea upande utaukata mkanda. Shida ya Kalokol ni upepo. Chembe moja ya mchanga wa ziwani ikitua kwenye jiwe la 8000, kazi ya saa nzima imechanwa. Nilinoa nimejifungia ndani, joto likinichemsha, na maji ya kisima yakikauka yaliacha unga mweupe kwenye ubapa. Nikajifunza kufuta na kupaka mafuta papo hapo, kama mama yule anavyofuta chumvi kwenye kisu chake kila anapokiweka chini.

Nilipopita Kakuma nilimwonyesha kinyozi mmoja katika kambi ya wakimbizi. Alicheka. Yeye huvunja wembe wa kawaida katikati, huingiza nusu kwenye kishikio, na mteja akiinuka ile nusu hutupwa. Hofu ya ukimwi na homa ya ini ilifuta wembe wa kushirikiana kwenye vibanda vya kunyolea, na ni haki. Wembe kama wangu una kidevu kimoja. Ndugu akiuomba, mnyime.

Kunyoa? Mashavu tu kwa sasa. Ngozi ivutwe, mgongo wa wembe uinuliwe kidogo. Chini ya sikio nina alama mbili ambazo sitaki kuulizwa.

Juzi niliurudisha ufuoni, chuma kitupu bila mpini, nimekifunga kwa kitambaa chenye mafuta. Mama akaosha mikono, akauinua juani. Nukta ilikuwa bado ipo, ila imepungua ikawa kama vumbi, pale pale nchani. Nikamwambia nitalirudia lile jiwe la 1000 hadi iishe.

"Utamaliza chuma," akasema. "Hapo paache." Akanirudishia, akavuta mbuta mwingine mezani.